Kuku wa Sadaka

Ibada ilipokwisha, sadaka za mazao na mifugo zikanadiwa uwanjani kama kila Jumapili. Ndeshi alisimama nyuma kabisa, akimkazia macho kuku wake mwekundu. Alikuwa amemtoa kwa Mungu ili mwanawe apone, maana siku ya nne hii mtoto hafumbui macho.

"Kuku huyu kasikiliza mahubiri yote bila kusinzia, kuwashinda ninyi!" mzee wa kanisa alinadi, watu wakacheka.

Mama mmoja mgeni, asiyejua kuku katolewa na nani, akamnunua. Kisha akapenya katikati ya watu, akamkabidhi Ndeshi.

"Nakuzawadia, mdogo wangu. Nimekuona unalia."

Watu wakapiga makofi. Ndeshi akaduwaa.

"Si ushukuru! Mungu kakukumbuka," jirani yake Anasia akamnong'oneza.

"Au kanirudishia sadaka yangu, Anasia? Kama kaikataa je?"



Ndeshi akashika njia ya nyumbani, akiwa kamkumbatia kuku. Alipofika alisimama mlangoni, moyo wa kuku ukidunda mbio kiganjani mwake, akatega sikio kusikiliza ndani, mkono wa pili ukiwa juu ya komeo.