Firigisi Kwenye Sahani Yangu

Siku hizi huingii udaktari mpaka usomee kwanza uhandisi, utengeneze kiungo kwa mikono yako, na kiungo hicho kifanye kazi miaka minne ndani ya mtu wa nyumbani kwako. Binti yangu Zawena alibakiza kuchagua chuo tu. Cha Mbeya wanatengeneza figo, cha Tanga moyo.

"Nenda Mbeya," nilimwambia. "Figo mtu anazo mbili."

"Mama, waliotengeneza figo wamejaa. Udaktari wanaanza kuchukua waliotengeneza moyo."

Mume wangu, Shekuwe, alikohoa, akasema yeye ana presha, asihesabiwe. Presha hiyo niliisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Fomu ya chuo cha Tanga ilikuwa na nafasi moja ya jina la atakayewekewa kiungo. Zawena aliijaza chumbani peke yake, akaituma, kisha akaingia jikoni kupika kuku bila kuagizwa na mtu.

Tulipokaa mkekani alitupakulia. Kwetu firigisi ni ya baba. Tangu enzi za bibi yangu sijaona mwanamke akiwekewa. Zawena aliiweka kwenye sahani yangu.

Shekuwe aliitazama, lakini hakuidai. Aliinamia wali wake, akaendelea kula.

"Kula, mama," Zawena alisema taratibu. "Mimi mikono yangu haitetemeki."

Alikuwa ameushika mwiko kwa mikono yote miwili, na bado ulikuwa unagongagonga sufuria.