Jiwe Lililokula Moto

Wingu lilipotanda jeusi juu ya tanuri la chokaa, nyapara Dadi aliamuru magunia yabebwe mgongoni mpaka bohari, mvua isije ikaiharibu mali ya bosi. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mize, binti wa Bi Shinuna.

"Dadi, baba, ngoja mvua ipite," Bi Shinuna alimwambia.

"Bosi hangoji, bibi. Kwani mgongo wako si ulishapona?"

Wawili watatu wakacheka kwa woga. Mgongo ule haukupona. Uliungua zamani, chini ya gunia kama hilo, katika mvua kama hiyo, na nyapara wa siku zile alikuwa babake Dadi. Bi Shinuna hakuwa amesahau hata kikohozi chake.

Akaokota bonge la chokaa, baridi kabisa, akalitumbukiza katika ndoo ya maji ya nyapara. Likalia chiii, likapasuka. Maji yakatokota bila kuni.

"Wiki nzima tumelilisha moto tanurini," alisema. "Likionja maji linautapika wote. Na mwanangu huyo ametota jasho."

"Najua," Dadi alijibu, akijifuta mvuke usoni. "Nani hapa asiyejua? Asiyebeba, kesho asije."

Mize akamtazama mamake, akainama kulishika gunia.

Bi Shinuna akalikalia.

Mvua ikaanza. Hakuna aliyesogea, hata Dadi. Chini ya kanga ya yule mama, mvuke mwembamba ukaanza kupanda.