Chupa Kwenye Debe la Unga

Perpetua aliporudi kutoka msibani, alikimbilia jikoni kabla hata ya kuvua viatu. Chupa aliyolowekea vanila kwenye pombe kali alikuwa ameificha ndani ya debe la unga kabla ya kuondoka, maana mumewe, Damasi, alikuwa ndiyo kwanza ameacha kunywa. Alipekua debe zima. Chupa haikuwemo.

"Iko kabatini, mama Neema," Damasi alisema nyuma yake. "Niliikuta nikichota unga wa ugali. Si huwa unaitikisa kila asubuhi? Nimekutikisia."

Ilikuwa imejaa hadi shingoni. Perpetua alionja tone moja. Likamchoma ulimi; pombe haikuwa imeongezwa maji.

Akakoroga unga wa keki, kisha akamkabidhi chupa.

"Haya, mimina wewe."

Damasi aliiinamisha juu ya kijiko. Harufu ya pombe ikatanda jikoni, kijiko kikaanza kujaa.