Kipimo Pindoni

Daktari alimshusha Nyamizi kanga usoni, akambana taya kwa kipimo cha chuma, akasoma namba, akachangamka.

"Miaka arobaini tangu uzaliwe mdomo umepasuka, haujashonwa, na mifupa ya uso imekua vizuri! Watu kama wewe tunawatafuta sana, mama."

"Mnanitafuta? Nilipokuwa mchanga, mama yangu alinibeba siku mbili hadi hospitali hii hii, akaambiwa hakuna wa kunishona. Leo wa kunipima yupo. Wa kunishona je?"

"Huu ni utafiti tu, mama."

Nyamizi akakinyakua kile kipimo. Kanga aliyojizibia mdomo tangu usichana akaivua, akakifungia kipimo pindoni, fundo juu ya fundo. Kisha akaketi mlangoni, uso wazi mbele ya foleni nzima.

"Mkimpata wa kunishona, mtanikuta hapa."