Shokapu ya Mkunga

Sili ya tatu nayo ilichanika.

Fundi aliitupa ukutani, ikaviringika hadi kwenye beseni la mafuta machafu. Kosa alilijua. Kabla ya kuishusha sili, ile pete ya mpira inayozuia mafuta yasivuje, kwenye bomba la shokapu, unaivika ncha ya bomba mfuko wa nailoni uliopakwa mafuta, ukingo wa chuma usije ukaukata mpira. Mfuko aliuvika. Ila mikono ilitetemeka, mfuko ukateleza, na mpira ukakutana na chuma.

Sasa ilibaki sili moja.

"Mke wangu!"

"Nipo." Mkewe alikuwa ameketi uani, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa stoo uliofungwa. Tangu asubuhi alikuwa hapo, akiomba kwa sauti ya chini.

"Sema neno moja tu, nitoke. Nikanyooshe miguu, nirudi."

"Silisemi."

"Dakika tano."

"Dakika tano zako nazijua, Baba Watoto. Za mwisho ziliisha siku ya pili yake. Na nikilisema hilo neno, kesho utanilaumu mimi. Fanya kazi."

Ilikuwa Jumapili alasiri, siku ya tatu mlango ule haujafunguliwa. Humo stoo mlikuwa na mkate, ndoo ya maji na choo kidogo nyuma ya pazia. Dirisha pekee lilitazama barabarani, nalo lilikuwa na nondo na wavu wa waya. Watoto walipelekwa kwa bibi yao, wasimwone baba yao akitapika na kutoka jasho. Tangu Ijumaa adhuhuri pombe haikuwa imepita kooni mwake.

Katikati ya chumba, juu ya kreti, pikipiki ya mkunga ilisimama bila gurudumu la mbele. Majuma mawili nyuma Fundi aliifanyia kazi hiihii akiwa amelewa, akasahau kurudisha bushi ya juu upande wa kushoto. Bushi ni pete nyembamba tu, lakini ndiyo inayolishika bomba lisicheze. Bila hiyo sili ililika, mafuta yakavuja hadi kwenye breki, na mkunga akaanguka mteremkoni akimkimbilia mama mwenye uchungu. Yeye alichubuka viwiko. Mama yule alijifungua peke yake, sakafuni.

"Mtoto yu hai," mkunga alimwambia alipoirudisha pikipiki. "Mungu alisimama mahali pako, Fundi. Jumatatu asubuhi nitaifuata. Nitaipanda bila kukuuliza kama ni nzima."

Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma kuliko matusi.

"Fundi! We Fundi!"

Uso mpana ulijaa dirishani. Alikuwa Bonge, rafiki yake wa kilabuni, koti lake limetuna upande mmoja.

"Kumbe ni kweli? Mwanaume mzima umetiwa ndani na mkeo! Hata kuku, asubuhi hufunguliwa!"

Fundi aliinama, akaendelea kufuta bomba.

"Nimekuletea kitu, ila kwenye wavu huu hakipiti. Upige teke huo mlango, ndugu yangu. Mimi nipo hapo kona."

Koti liligonga nondo, na kilichokuwa ndani kikalia kama kioo. Mate yalimjaa Fundi mdomoni. Aliutazama mlango. Ulikuwa wa mbao kuukuu, na kitasa chake kilikuwa cha kawaida tu.

Badala yake alipiga magoti mbele ya pikipiki. Hakuwa mtu wa kuomba; aliyekuwa akiomba nyumbani humo alikuwa mmoja. "Mungu," alisema, "nipe mikono kwa robo saa tu. Sikuombi kingine."

Aliishusha upya bushi ya juu kwenye bomba, akaigonga polepole kwa kipande cha paipu mpaka ikakaa. Akaipapasa kwa kidole, akaipapasa tena. Ikafuata washa, kile kisahani chembamba cha chuma. Akaivika ncha ya bomba mfuko mpya, akaupaka mafuta, akaichukua sili ya mwisho. Alibana pumzi. Sili ilipita nailoni kama mkono unaopita kwenye shati, ikashuka. Aliigonga kwa paipu huku akizungusha, mpaka mlio wa dundo ukabadilika ukawa mkavu. Klipu ya kuizuia sili isitoke ikaingia kwenye mfereji wake.

Akajaza mafuta, akafunga gurudumu, akaiteremsha pikipiki. Aliushika usukani, akaikandamiza mara ishirini kwa uzito wake wote. Akapitisha kitambaa cheupe kwenye mabomba yote mawili. Kilitoka cheupe.

"Inavuja?" mkewe aliuliza.

"Kavu."

"Na bushi?"

"Zipo zote nne, mbili kila bomba. Nimezihesabu kama watoto wangu."

Nje ya mlango mkewe alicheka, kisha akalia.

Fundi alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akaifuta. Akaikunja, akaikunjua. Siku tatu ilikuwa na kazi. Sasa haikuwa na chochote cha kushika, na ilianza tena kutetemeka. Kutoka kona ya barabara ukasikika mluzi wa Bonge, mara moja, halafu mara ya pili.

Alienda mlangoni, akakaa chini sakafuni, mgongo kwa mgongo na mkewe, mbao tu zikiwa katikati.

"Mama Watoto."

"Bee."

"Weka kiganja chako hapo chini ya mlango. Na usiku wa leo nikikuomba, hata nikilia, usinisikilize."

Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo aliofungia mlango mwenyewe siku ya Ijumaa, akausukuma nje.