Herufi Isiyo na Namba

Jumanne, tarehe 4 Machi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, kisha jua likatoka kwa aibu.

Jioni, katika darasa la watu wazima, niliandika ubaoni: 5m + m = 5m. Nilikuwa nimeshamwambia Mungu katika sala kwamba nikikosea tena leo, naacha shule.

"Mama Cherehani, hiyo m ya pili umeipeleka wapi?" aliuliza mwalimu.

"Haina namba mbele yake, mwalimu. Nimeihesabu sifuri."

"Kaipiga pasi ikaungua!" alidakia mwanafunzi mwenzangu, fundi mwashi. Darasa zima likacheka.

Nilitazama kidole changu, chaki imejaa kwenye matundu ya sindano. Mchana kidole hichohicho kiliandika kwenye daftari la oda: "Mashati 5 ya watoto. Shati la baba yao."

Shati la baba sikuliwekea namba. Sijawahi. Na hakuna baba aliyewahi kuondoka kwangu kifua wazi. Nilikata mashati sita.

Nikafuta ile 5 ya mwisho, nikaandika 6.

Mwalimu aliweka alama ya vema, wenzangu wakapiga makofi.

"Mungu ananisikia, nanyi mnanisikia," nikasema. "Shule hii siachi, hata mwashi akihitimu kabla yangu!"