Kikopo cha Asubuhi

Kikopo kilipotua mezani, Mkaguzi alivaa miwani, akavuta kiti, akachovya kijiti cha kupimia mimba kwa umakini wa mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi wa wageni.

"Mama, ungeniachia nipime mwenyewe," alisema mkwe wake, amesimama mlangoni.

"Halafu unisimulie? Nimekagua tiketi kwenye mabasi tangu sijaota mvi, mwanangu. Mtu akiniambia 'niamini', huyo ndiye ninayeanza naye."

Jina la Mkaguzi lilikuwa limemkaa sawasawa. Alikuja kwa mwanawe kutembea tu, mwisho wa juma, akakuta ndoa ina miaka mitatu na nyumba bado kimya. Akaomba likizo ndefu kazini. Alichotaka ni kitu kimoja, mjukuu, na aliapa hatoki humo ndani mpaka aione mistari miwili kwa macho yake. Makelele yote hayo yalificha hofu. Yeye mwenyewe alijaliwa mtoto mmoja tu, tena angali msichana mbichi, halafu basi. Akangoja wa pili mpaka akachoka kungoja. Alimpenda mkwe wake, na hakutaka yamfike hayo.

Daktari alikuwa amewaeleza taratibu. Homoni za binti zimepoteza mizani, mayai hayakomai inavyotakiwa, ndiyo maana hedhi inapotea miezi na miezi na vinywele vinamwota kidevuni. Apunguze sukari, atembee kila siku, ameze dawa zake, awe na subira.

"Vinywele!" Mkaguzi alicheka walipotoka nje. "Mimi navinyofoa tangu usichana. Huo nao ugonjwa?"

Subira hakuwa nayo, lakini mengine yote aliyasimamia kidete. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kudanganywa, aliyafanya pamoja na mkwe. Chai bila sukari, wote wawili. Nusu sahani mboga, wote wawili. Kila kulipopambazuka walizunguka mtaa kwa miguu, mkwe akitangulia, Mkaguzi nyuma akimfokea aongeze mwendo mpaka pumzi ikamwishia yeye. Dawa tu ndizo alizomwachia mwenyewe. Mkwe alikuwa fundi wa keki, na kila alipokoroga krimu kwa ajili ya harusi za watu, Mkaguzi alisimama pembeni kuulinda mwiko usirambwe. Mungu ndiye ajuaye kati yao ni nani aliyeteseka zaidi.

Miezi ikapita. Nguo zikaanza kumpwaya Mkaguzi, akalazimika kuzipunguza kiunoni. Mumewe, mzee mpole ambaye hapo awali simu ilimtosha, sasa alikuja kila Ijumaa na kulala mpaka Jumapili, akidai amemkumbuka mwanawe. Mwana mwenyewe mara nyingi alikuwa kazini.

"Baba anakupenda, mama," mkwe alisema siku moja, akijibana asicheke.

"Baba yako hana shughuli," Mkaguzi alijibu, lakini alijibu akiwa mbele ya kioo.

Kilichomkera ni kwamba siku hizi alisinzia mchana kweupe, na harufu ya vanila ilimchafua tumbo. Alipolalamika kliniki, muuguzi alisema huenda ni sukari, alete mkojo wa asubuhi upimwe. Mkaguzi aliona ni maneno tu, ingawa alikubali kuupeleka. Sukari itoke wapi, naye hajaionja tangu aje?

Asubuhi hiyo mkwe alikawia sana bafuni. Alipotoka, alikuwa na uso wa mtu aliyeokota kitu cha thamani na hataki kuulizwa amekiokota wapi. Mkaguzi aliuona uso huo. Kliniki ikamtoka kichwani, akaagiza kikopo kiletwe mezani mara moja.

Sasa alikikodolea macho kile kijiti. Mstari wa kwanza ukatokea. Kisha, kwa haya, kama mgeni anayebisha hodi asiyejua kama atafunguliwa, ukaja wa pili.

Kigelegele alichopiga kiliwatoa majirani nje. Alilia, akacheka, akamkumbatia mkwe mpaka miguu yake ikaacha sakafu. Mwana akapigiwa simu, akasema anakuja hivyo hivyo na nguo za kazi. Mume akapigiwa, akasema yuko kona ya mtaa, si leo ni Ijumaa? Dada zake wakaambiwa mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alielezwa kwamba siri ya mambo haya ni nidhamu.

"Nilisema mimi! Ukifuata masharti, mwili unatii wenyewe. Ubishi tu ndio unaowachelewesha nyinyi wasichana."

Mkwe alikitazama kijiti, akamtazama Mkaguzi, akakirudia kijiti. Mkaguzi alijua hiyo ni furaha, inawapumbaza wengi.

"Yuko wapi huyo mjamzito nimpongeze?" Sauti ya mumewe ilisikika ukumbini.

Mkwe alimshika Mkaguzi mkono, akamvutia chumbani, akafunga mlango.

"Mama, naomba usikasirike."

"Nikukasirikie, na mimba hiyo?"

"Hedhi yangu imekuja leo asubuhi. Imekuja yenyewe, mama, bila vidonge vya kuilazimisha. Nimefurahi mpaka nimelia mle bafuni. Nikajua nikikwambia utaona ni mwezi mwingine umepotea, utaanza kuomboleza. Nilitaka niifurahie angalau mpaka tumalize chai."

Mkaguzi alijikalisha kitandani taratibu. "Kwa hiyo kile kikopo..."

"Nilikichukua dirishani," mkwe alisema kwa sauti ndogo. "Ni kile ulichokijaza wewe, cha kupeleka kliniki."